Livingstone wa Kabambare: alikula kwao, kisha akawashitaki

Wakaaji wengi wa Maniema wanamjua David Livingstone kwa jina tu, mzungu wa dini aliyepita zamani. Lakini miaka yake migumu aliipitisha hapa hapa, Kabambare na Nyangwe. Na jaribu alilolipata huku, mtu wa kazi analijua hata leo: ukiona ubaya kwa wale wanaokulisha, unasema ao unanyamaza?

Alizaliwa Scotland mwaka wa 1813. Akiwa na miaka 10 alikuwa tayari anatumika katika kiwanda cha pamba. Baadaye akasomea umunganga, akafika Afrika mwaka wa 1841. Ya katikati tuyaruke, yameandikwa sana.

Mwezi wa 9 wa 1869 akafika Kabambare, wazungu waliandika Bambarre. Hakufika kwa nguvu yake mwenyewe. Alisafiri na wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliotoka pwani. Mmoja wao, Mohamad Bogharib, ndiye aliyemuuguza na kuagiza abebwe wakati alikuwa karibu kufa. Mwaka uliofuata vidonda vya miguu vikamfunga Kabambare miezi mingi. Karatasi zikamwishia, akaandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino wa mimea. Utumwa aliuchukia tangu zamani, lakini bila wale watu hangepata hata chakula.

Halafu Nyangwe, leo ndani ya teritware ya Kasongo. Tarehe 15/7/1871, siku ya soko, kulikuwa watu kama 1,500, wengi wanawake. Watu watatu wa tajiri Dugumbe wakaanza kupiga bunduki. Watu wakakimbilia mitumbwi, wengi wakazama Lualaba. Waarabu wenyewe walikadiria wafu kati ya 330 na 400. Livingstone alitaka kuwapiga wauaji kwa bastola yake, Dugumbe akamshauri asijiingize. Akaacha bastola, akaandika.

Na Dugumbe hakuwa adui yake. Siku ile ile aliokoa watu kadhaa. Hata hivyo jina lake limo katika daftari.

Njiani kurudi Ujiji, wenyeji wakamrushia mikuki, wakifikiri ni mmoja wa wale wafanyabiashara. Ungewalaumu?

Ilibaki namna ya kufikisha habari. Barua zake nyingi za mbele zilipotea, naye alishuku wafanyabiashara wanazipoteza makusudi, juu waliogopa atawasema. Ni kama mfanyakazi wa leo ambaye bahasha yake ya mashitaka inapita mkononi mwa shefu yule yule. Stanley ndiye aliyezibeba mwaka wa 1872. Uingereza ikashtuka, ikamtuma Bartle Frere Zanzibar, na tarehe 5/6/1873 Sultani Barghash akatia sahihi ya kufunga soko la watumwa. Livingstone hakuyajua hayo. Alikufa mwezi wa 5, kwa Chitambo, Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao wakabeba maiti yake mpaka pwani.

Nyangwe haikupata nafuu. Biashara iliendelea, na Tippu Tip akafanya Kasongo makao yake.

Mwaka wa 2011 watafiti walifaulu kusoma yale magazeti kwa taa za kipekee. Maneno ya kwanza hayafanani yote na yale aliyonakili baadaye, zaidi pale anapotaja watu wa msafara wake mwenyewe, waliotumwa kutoka Zanzibar. Watafiti wanajiuliza kama nao walishika bunduki siku ile ya soko.