Kapiteni Joubert na Boma Lake la Mrumbi

Wakatekumeni wapendwa, sisi wa Kamango twajua thamani ya mlango uliofunguliwa saa ya hatari. Mwezi wa Julai 2013, Kamango iliposhambuliwa, maelfu ya watu walivuka mpaka wakapokewa Bundibugyo. Basi, sikilizeni habari za mtu aliyejenga boma ili wanaofukuzwa wapate pa kukimbilia.

Ludovic Joubert alizaliwa Ufaransa mwaka 1842. Katika ujana wake alikuwa askari wa Baba Mtakatifu huko Roma. Mwaka 1880 Askofu Mkuu Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alimtuma Ziwa Tanganika awalinde wamisionari. Siku zile wafanya biashara ya watumwa walichoma vijiji, wakawafunga watu minyororo na kuwapeleka mbali.

Mwaka 1887 Joubert alifika Mpala, penye ngome iliyojengwa na Storms, afisa Mbelgiji. Ngome ile ilikuwa na kumbukumbu ya uchungu: mwaka 1884 watu wa Storms walimwua mtemi Lusinga, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Kumbe ukuta mmoja waweza kuwa kimbilio, tena waweza kuwa tisho. Yategemea moyo wa mwenye nyumba.

Baadaye Joubert alijenga boma lake mwenyewe huko Mrumbi, akaliweka chini ya jina la Mtakatifu Ludoviko. Waliowakimbia wakamata-watumwa walikaa karibu naye. Aliwafundisha vijana kulinda vijiji vyao, akawatibu wagonjwa. Alishika bunduki, wala hatulifichi jambo hilo. Lakini alizishika ili wanyonge wasichukuliwe. Mwaka 1891 adui walipozidi kumbana, Kapiteni Jacques alifika kutoka Ulaya kumsaidia.

Naye hakukaa kama mgeni. Mwaka 1888 alifunga ndoa ya Kikristu na Agnes Atakaye, binti wa nchi ile, wakapata watoto. Alizeeka huko huko, macho yake yakapofuka, akafariki tarehe 27 Mei 1927 karibu na Moba, mwenye umri wa miaka 85.

Wapendwa, ninyi mnaojitayarisha kwa Ubatizo, wengi wenu mwajenga upya nyumba zenu. Mnapopiga matofali na kuezeka, kila mmoja ajiulize: je, mkimbizi akibisha usiku, mlango wangu utafunguka?