Hans Meyer na Pango la Kilimanjaro

Sisi wa Mitundu twakaa katika nchi tambarare, na wengi wetu hatujaona theluji. Lakini hata katika Malawi yetu, wapandao Mulanje hulala katika vibanda vilivyojengwa juu mlimani, maana baridi na ukungu havina huruma. Kwa hiyo nimeona vema niwaandikie habari za Hans Meyer, Mdachi aliyejifunza kwa taabu thamani ya mahali pa kujisetiri mlimani.

Alizaliwa mwaka 1858 huko Hildburghausen, Ujerumani, katika ukoo wa wachapaji wa vitabu. Mwaka 1887 alijaribu kupanda Kilimanjaro, akazuiwa na barafu. Mwaka 1888 akaja tena, lakini alikamatwa katika vita vya Abushiri, akafungwa minyororo, akaachiliwa kwa fidia. Hakukata tamaa. Mwaka 1889 alirudi pamoja na Ludwig Purtscheller, mwalimu kutoka Austria.

Safari hii aliweka kambi moja juu ya nyingine, toka Marangu hata karibu mita 4,300, na wapagazi wakapandisha chakula na kuni. Katika kambi ya juu alikaa nao Mwini Amani, mtu wa Pangani, akaivumilia baridi ile siku nyingi.

Tarehe 3 Oktoba Meyer na mwenzake walifika ukingoni mwa shimo la Kibo, wakakiona kilele. Lakini saa zilikuwa zimekwenda na nguvu zimewaishia, na kulala pale pasipo kifuniko kungekuwa kufa. Wakashuka. Usiku wa tarehe 5 walilala katika pango lililo juu ya kambi, na tarehe 6 wakasimama kileleni, mita 5,895. Basi naona si miguu yao tu iliyowafikisha, bali na pango lile lililowafupishia njia.

Mwaka 1912 vibanda viwili vya kwanza vilijengwa katika njia ya Marangu. Leo mahali pale paitwa Mandara na Horombo. Meyer alifariki Leipzig mwaka 1929, na pango moja la njia ile laitwa kwa jina lake. Tukilitaja, tumtaje na Mwini Amani, kwani apandaye juu humtegemea yule anayemngojea kambini.