Kamanda aliyeingia vitani na paka na mbwa

Mwaka wa 1915, wakuu wa Jeshi la Majini la Uingereza walipokea ombi lisilo la kawaida. Afisa aliyekabidhiwa mashua mbili za kivita alitaka ziitwe Paka na Mbwa. Ombi likakataliwa. Akarejea na majina mengine, Mimi na Toutou, nayo yakapita, ingawa katika Kifaransa cha watoto wadogo maana yake ni ile ile. (Mimi huyo, basi, si nafsi ya kwanza ya Kiswahili.)

Afisa huyo ni Geoffrey Spicer-Simson, aliyezaliwa Hobart, Tasmania, mwaka wa 1876. Alijiunga na jeshi mnamo 1890 lakini nyota yake haikung'aa. Novemba 1914, manowari Niger iliyokuwa chini yake ilizamishwa na nyambizi ya Ujerumani karibu na mji wa Deal, yeye akiwa nchi kavu hotelini. Akaishia kuwa karani wa afisini.

Aliokolewa na Ziwa Tanganyika. Wajerumani walilitawala ziwa hilo kwa meli zao, na Waingereza hawakuwa na chombo chochote huko. Mwindaji John Lee ndiye aliyebuni wazo la kupeleka mashua kupitia kusini. Mimi na Toutou zilisafirishwa kwa meli hadi Cape Town, zikapanda garimoshi hadi Fungurume nchini Kongo, kisha zikakokotwa na mitambo ya mvuke na maksai kuvuka milima ya Mitumba. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi kubwa zaidi ya safari nzima, na jasho lake lilikuwa la Waafrika waliofyeka njia na kujenga madaraja. Majina yao hayatajwi popote katika sifa za kamanda.

Ziwani, Spicer-Simson alivaa sketi na kuoga hadharani ili chale za nyoka mwilini mwake zionekane. Wenyeji wakampachika jina la Bwana Chifunga-Tumbo, na Waholoholo wakamfinyangia sanamu za udongo.

Hata hivyo, vitani alifaulu. Desemba 26, 1915, aliiteka meli Kingani, akaibatiza Fifi. Februari 9, 1916, Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Lakini ilipojitokeza Graf von Götzen, iliyokuwa kubwa kuliko zote, shujaa alikataa katakata kuishambulia. Wajerumani wenyewe ndio walioizamisha karibu na Kigoma, Julai 1916.

Alirudi kwao mgonjwa, akatunukiwa nishani. Kuanzia 1921 hadi 1937 alikuwa katibu mkuu wa shirika la kimataifa la upimaji wa bahari mjini Monaco, cheo kilichomfaa zaidi kuliko bunduki. Alifariki nchini Kanada mwaka wa 1947.

Wakati huo, Graf von Götzen ilikuwa imeibuliwa kutoka majini kitambo. Ilirejea kazini mwaka wa 1927 kwa jina la Liemba, ikabeba abiria wa Ziwa Tanganyika kwa miongo mingi baada ya kamanda aliyeikwepa kuzikwa.