Sayyid Ahmad bin Sumait: Kadhi Aliyeiacha Kazi na Kuirudia



Kila mwaka wapo vijana wetu hapa Nakwa wanaomaliza masomo, ya madrasa na ya shule, kisha wakaanza kutembea na bahasha ya vyeti kutoka ofisi hadi ofisi mjini Babati, na wengine hadi Arusha. Wapo pia wazazi walioachishwa kazi ilhali watoto wanasubiri kula. Kwa sababu hiyo tumechagua kuwasimulia habari za mwanachuoni mmoja mkubwa wa pwani yetu. Jina lake hutajwa sana katika vikao vya elimu, lakini wachache wanajua kwamba alipokuwa na umri wa miaka 24 alijikuta hana kazi, hana mwajiri, na yuko mbali na kwao. Naye ni Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumait, Mwenyezi Mungu Amrehemu.

Alizaliwa mwaka 1861 katika mji wa Itsandraa, kisiwa cha Ngazija. Baba yake, Sayyid Abubakar, alitoka Shibam huko Hadhramaut, akawa mfanyabiashara na mtu wa elimu kwa pamoja. Hilo halikuwa jambo la ajabu. Masharifu wengi wa Kihadhrami waliokuja pwani hii waliishi kwa biashara, na darsa waliitoa bila malipo. Mtoto alisoma kwa baba yake, lakini baba alifariki mwaka 1874, mwana akiwa na miaka 13 tu.

Ujana wake aliutumia baharini. Alifanya biashara na akawa nahodha wa jahazi. Tunawaomba wanafunzi walitazame vizuri jambo hili, kwa kuwa mara nyingi tukisimuliwa habari za wanavyuoni tunadhani walizaliwa na kilemba kichwani. Unahodha si kazi ya kubahatisha. Nahodha ni lazima ajue nyota, ajue pepo na majira yake, ajue hesabu ya mzigo, na ajue kuishi na mabaharia. Kaskazi huvuma kuanzia mwezi wa Disemba hadi Machi na kuleta majahazi kutoka Uarabuni. Kusi hugeuza na kuyarudisha. Atakayechelewa hukaa bandarini miezi akingoja upepo. Aliyezoea maisha hayo amejifunza kungoja bila ya kukaa bure.

Kiasi cha mwaka 1881 alikwenda Hadhramaut kusoma kwa mashekhe wakubwa wa huko, akapewa ijaza. Huenda wengine hawajui ijaza ilikuwa na uzito gani. Shekhe humwandikia mwanafunzi kwamba amesoma kwake elimu fulani, na yeye shekhe aliipokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka mlolongo ufike kwa mwenye kitabu. Anayeipokea karatasi ile hatazami muhuri, hutazama majina. Akiwajua waliotajwa, basi amemjua na aliyekuja nayo. Leo kijana akiomba kazi huandika majina ya wadhamini wawili au watatu chini ya barua yake. Ijaza ilikuwa udhamini wa namna hiyo, ila mdhamini naye alitaja waliomdhamini yeye.

Mwaka 1883 Sultani Sayyid Barghash bin Said alimteua kuwa kadhi Unguja. Alikuwa na miaka 22. Wakati huo masultani, ambao walikuwa Maibadhi, waliteua makadhi wa madhehebu yao na makadhi wa Kishafi pia, maana raia wengi wa visiwani na pwani walikuwa Mashafi. Kwa kijana wa umri ule, na mgeni kutoka Ngazija, cheo hicho kilikuwa kikubwa.

Lakini mwajiri wake hakuwa mtu mwepesi. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870, alileta maji ya bomba mjini na akajenga Beit al-Ajaib, na wema wake huo unajulikana. Hata hivyo alipenda kila jambo lipite mkononi mwake. Alikaa barazani na kusikiliza kesi mwenyewe, na kadhi alihukumu kwa idhini yake. Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa, mwanachuoni mwenye heshima kubwa, alitiwa jela na Sultani huyo, na hakutoka mpaka Sultani alipofariki. Kwa hiyo mtu akitofautiana na Barghash hakuhatarisha mshahara peke yake.

Mwaka 1885 Sayyid Ahmad alitofautiana naye. Akaiacha kazi, akaondoka Unguja.

Alipokwenda ndipo penye mafunzo. Hakurudi Ngazija kukaa barazani akilalamika kwamba amedhulumiwa, wala hakuitafuta kazi ya kwanza itakayompa chakula, ingawa bahari aliijua na angeweza kurejea kwenye jahazi. Alikwenda Istanbul kwa Sayyid Fadhl bin Alawi, Mhadhrami mwenye asili ya Malabar aliyekuwa karibu na Sultani Abdulhamid wa Pili. Huko akasoma na akapata ijaza nyingine, na Sultani huyo akamtunuku nishani. Kisha akapita Misri, akaonana na wanavyuoni wa Azhar. Akaenda Makka. Halafu India na Java, ambako Wahadhrami walikuwa wengi na mgeni mwenye elimu alipokewa vizuri.

Tusidanganyane. Jina la ukoo lilimsaidia. Milango mingi ilifunguka kwa sababu alikuwa mtoto wa Sumait, na kijana asiyekuwa na ukoo wa namna hiyo asingefika mbali kiasi kile kwa urahisi. Ila jina humfikisha mtu mlangoni tu. Aliyekaa mbele ya mashekhe wa Istanbul na Makka akaulizwa maswali ni Ahmad mwenyewe. Tena safari hizo zilikuwa na gharama nyingine. Mwaka 1886 mwanawe Umar alizaliwa Ngazija, na baba hakuwepo. Mama wa mtoto alilea peke yake, na jamaa wa nyumbani ndio waliobeba mzigo. Katika habari za wasafiri wa elimu wanawake hawa hutajwa kwa nadra, nasi tumeona si haki kuwapita.

Mwezi Machi 1888 Sayyid Barghash alifariki. Nduguye Sayyid Khalifa bin Said akatawala, na Sheikh Ali Mazrui akatolewa jela. Mwaka huo huo Sayyid Ahmad akarejea Unguja, akapewa tena ukadhi. Alikuwa na miaka 27. Kiti kilikuwa kile kile, lakini aliyekikalia alikuwa amezidi. Aliondoka na ijaza za Hadhramaut, akarudi na za miji mitatu minne mikubwa ya Kiislamu, na anajulikana na watu kutoka Istanbul hadi Java.

Safari hii alidumu. Alifanya kazi chini ya masultani sita, kuanzia Sayyid Khalifa bin Said hadi Sayyid Khalifa bin Harub. Mwaka 1890 Waingereza waliiweka Zanzibar chini ya himaya yao. Mwezi Agosti 1896 wakalipiga mabomu jumba la Sultani. Mahakama zikapangwa upya na uwezo wa makadhi ukapungua kidogo kidogo. Yeye alibaki, wakubwa wa serikali wakimtaka rai katika masuala ya sheria, na raia wakimwendea kwa mambo yao ya ndoa, mirathi na wakfu. Pengine mtu angeuliza: aliyemwacha Barghash aliwezaje kukaa na Waingereza? Kwa maoni yetu, aliona kwamba Waislamu wa Unguja wangehitaji kadhi anayeijua fikihi, awe anatawala nani.

Na kazi ya mshahara haikuwa kazi yake yote. Alisomesha na kuandika. Mwanafunzi wake wa karibu alikuwa Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu aliyefungua madrasa mtaa wa Ukutani. Bakathir alimzidi mwalimu wake umri kwa kiasi cha mwaka mmoja, wala hakuona haya kukaa mbele yake na kitabu. Kwa wawili hawa alisoma pia Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mtoto wa yule aliyefungwa na Barghash, ambaye mwaka 1937 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya.

Sheikh Bakathir alifariki mwaka 1925. Mwaka huo huo, mwezi Mei, Sayyid Ahmad akamfuata, akiwa na miaka 64. Alikuwa ametumikia ukadhi miaka 37 tangu aliporudi.

Na yule mtoto aliyezaliwa Ngazija baba akiwa safarini? Sayyid Umar naye alisoma, kisha akafanya biashara miaka mingi kabla ya kuitwa Unguja. Akawa Kadhi Mkuu wa Zanzibar, katika mji ule ule aliohukumu baba yake, mpaka alipostaafu mwaka 1959.