Leo Fender: Fundi redio asiyejua kupiga gitaa aliyeipatia dunia besi

UKISHUKA kutoka stendi ya zamani ya teksi jijini Kampala na kuelekea Nakivubo, utakutana na karibu kila kitu ambacho mfanyabiashara wa mpakani anakitafuta. Kuna viatu, mashuka, sufuria, redio na spika zilizopangwa hadi barabarani. Uwanja wa mpira wa Nakivubo, uliojengwa mwaka 1926 na kujengwa upya miaka ya karibuni, umezungukwa na maduka. Wanaotoka Busia, Malaba, Katuna na Mutukula wanapajua hapa kama wanavyojua mlango wa nyumba zao.

Hapo ndipo mwaka 2014 niliponunua gitaa la besi kwa ajili ya bendi ya shule ninayofundisha. Wanafunzi walichanga fedha kidogo kidogo kwa mihula miwili, wengine wakitoa nauli zao na kutembea kwa miguu. Mimi niliyesomea ukimbizini nchini Kenya, nikarudi nyumbani nikiwa kijana, nilijiona mjanja wa masoko. Nililiona gitaa jekundu linalong'aa, na juu ya kichwa chake jina la Fender kwa herufi za dhahabu. Sikuuliza zaidi. Nililipa, nikapanda teksi.

Haikupita miezi miwili shingo ikapinda kama upinde wa mshale. Mwanafunzi mmoja alikwaruza lile jina kwa ukucha, likabanduka. Ilikuwa karatasi tu. Nilisimama mbele ya watoto wale nikakosa la kusema, kwa maana fedha zilikuwa zao na kosa lilikuwa langu.

Nilimpelekea fundi redio wa mtaani kwetu. Aligeuza gitaa, akanionyesha skrubu nne nyuma ya shingo, akacheka. Aliniambia kwamba hasara yangu ni nusu tu, kwa sababu aliyebuni kitu kile alikuwa fundi redio kama yeye. Siku hiyo nilianza kutafuta habari za mtu ambaye jina lake lilikuwa limebandikwa kwa gundi juu ya uongo. Je, mwenye jina hilo alikuwa nani?

Clarence Leonidas Fender, ambaye dunia inamjua kwa jina la Leo, alizaliwa Agosti 10, 1909, katika jimbo la California nchini Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima wa machungwa karibu na mji wa Fullerton. Alipokuwa na umri wa miaka minane aliugua uvimbe, akapoteza jicho la kushoto. Tangu hapo aliishi na jicho la kioo.

Mapenzi yake yalikuwa umeme. Akiwa kijana mdogo alipelekewa sanduku la vipuri na mjomba wake, aliyekuwa na duka la umeme wa magari katika mji wa Santa Maria. Alipomtembelea mjomba huyo aliona redio iliyoundwa kwa mikono, sauti yake ikitoka kwenye spika kwa nguvu. Sauti ile haikumtoka akilini.

Hata hivyo hakusomea umeme. Chuoni alisomea uhasibu, akafanya kazi ya kutunza hesabu. Miaka ya 1930 Marekani ilikumbwa na mdororo mkubwa wa uchumi, na Leo akapoteza kazi, akapata nyingine, akaipoteza nayo. Mwaka 1938 alikopa dola 600, akarudi Fullerton na mke wake Esther, akafungua duka la kutengeneza redio.

Msomaji uliyewahi kurudi nyumbani na begi moja na deni mkononi utaelewa hali hiyo. Mwenye duka dogo hachagui kazi. Walimletea redio, santuri, vipaza sauti, na baadaye wanamuziki wakaanza kumletea magitaa yao ya umeme na mashine za kukuza sauti zilizoharibika. Kwa kuwafungulia vifaa hivyo alijifunza jambo moja kubwa: alijua nini kinavunjika, na kwa nini.

Ajabu ni kwamba Leo Fender hakujua kupiga gitaa, na hakujifunza mpaka anakufa. Utotoni aligusa piano na saksafoni, basi. Alipotengeneza kitu aliwapa wanamuziki waende nacho kwenye dansi, warudi na malalamiko. Malalamiko ndiyo yaliyokuwa shule yake.

Katika miaka ya vita kuu ya pili alishirikiana na mwanamuziki Doc Kauffman kutengeneza magitaa ya kulaza mapajani. Mwaka 1946 mwenzake aliogopa madeni akajitoa. Leo akabaki na karakana yake. Mwaka 1950 alitoa gitaa la umeme lenye mwili wa ubao mtupu usio na tundu kubwa katikati. Wengine waliona linafanana na ubao wa kukatia mboga. Lakini lilikuwa na siri ambayo baadaye ingemfaa mnunuzi wa Nakivubo.

Mafundi wa zamani walibandika shingo ya gitaa kwa gundi. Ikivunjika, gitaa zima linakwenda kwa fundi bingwa, au jikoni kuwa kuni. Leo aliifunga shingo kwa skrubu. Ikiharibika unaifungua kwa bisibisi, unaweka nyingine. Aliliangalia gitaa kama alivyoiangalia redio, kwamba ni kitu ambacho siku moja lazima kifunguliwe, basi kiundwe kwa namna inayofunguka.

Si kwamba hakukosea. Mwanzoni aliamini ubao mgumu wa shingo hauhitaji kuimarishwa. Shingo zikapinda, wateja wakazirudisha. Akakubali, akaanza kupitisha fimbo ya chuma ndani ya shingo, inayoweza kukazwa au kulegezwa ili shingo inyooke. Niliposoma habari hiyo nilipata faraja kidogo. Kumbe hata mwenye jina halisi alianza na shingo zilizopinda.

Mwaka 1951 ndipo akatoa besi. Wakati ule mpiga besi alibeba chombo kikubwa cha kusimama, kirefu kuliko yeye mwenyewe. Hakikuingia kwenye gari dogo, na kwenye ukumbi wenye ngoma na matarumbeta hakikusikika. Tena shingo yake ilikuwa laini bila alama, kwa hiyo aliyekosea nusu ya kidole alitoa sauti ya uongo.

Katika miaka ya 1930 fundi mmoja wa Seattle, Paul Tutmarc, alikwisha kuunda besi ya umeme ya kushikwa kama gitaa, lakini haikuenea. Ya Leo ilienea. Aliipa nyuzi nne zinazolingana na zile za chombo kikubwa. Alitia vyuma vidogo vya kugawa shingo, ili kila sauti iwe mahali pake, na kwa sababu hiyo akaiita Precision, maana yake usahihi. Urefu wa uzi, kutoka kichwani hadi kwenye daraja, aliuweka inchi 34, yaani kiasi cha sentimita 86. Kipimo hicho ndicho kinachotumika kwenye besi nyingi mpaka leo, za bei kali na za bei rahisi.

Mpiga besi Monk Montgomery alizunguka nayo mwaka 1953 akiwa na bendi ya Lionel Hampton, na watu wakaanza kuitafuta. Mwaka 1957 Leo aliibadilisha kinasa sauti chake kikawa cha vipande viwili, ambacho kilipunguza mvumo wa umeme. Mwaka 1960 alitoa besi nyingine, Jazz Bass, yenye shingo nyembamba zaidi. Huku kwetu, bendi za rumba za Kongo zilizokuwa zikitumia besi kubwa ya kusimama katika miaka ya 1950 zilihamia kwenye besi ya umeme katika miaka ya 1960. Leo hii huwezi kufikiria rumba bila ule mlio unaotembea chini ya magitaa.

Kisha ikaja habari ya kusikitisha. Katikati ya miaka ya 1960 Leo alikuwa akisumbuliwa na maradhi yasiyopona. Aliamini anakufa. Januari 1965 aliuza kampuni yake kwa shirika la CBS kwa dola milioni 13, na akafungwa kwa mkataba asishindane nao kwa miaka kumi. Alikuwa ameuza mashine, michoro, na pamoja navyo jina la baba yake.

Baada ya miaka michache daktari mwingine alimtibu, akapona. Hapo fikiria hali yake. Ni mzima, ana mikono na akili, lakini jina lililo juu ya kila gitaa la Fender si lake tena. Sisi tuliorudi kutoka ukimbizini tunaijua hali hiyo kwa namna nyingine. Wapo waliorudi wakakuta kiwanja cha babu kina hati ya mtu mwingine. Wapo waliokaa wakilia mlangoni, na wapo waliokwenda kukata nyasi mahali papya.

Leo alikata nyasi. Katika miaka ya 1970, akiwa amepita umri wa miaka 60, alijiunga na kampuni ya Music Man, na mwaka 1976 ikatoka besi ya StingRay, yenye kikuza sauti kidogo ndani yake kinachotumia betri. Mwaka 1979 mke wake Esther alifariki kwa saratani. Wakati huohuo alikuwa anaanza kampuni nyingine tena, G&L, pamoja na rafiki yake wa zamani George Fullerton. Alioa tena mwaka 1980. Maradhi ya kutetemeka ya Parkinson yalipomshika hakuacha kazi. Alikuwa karakanani mpaka siku moja kabla ya kifo chake, Machi 21, 1991, akiwa na miaka 81.

Kampuni yenye jina lake nayo ilipita katika mikono mingi. Mwaka 1982, bado ikiwa chini ya CBS, ilianza kutoa magitaa ya bei nafuu kwa jina la Squier, yaliyotengenezwa Japani, na baadaye nchi nyingine za Asia. Mwaka 1985 CBS iliwauzia kampuni wafanyakazi na wawekezaji. Leo mwenyewe hakurudi.

Sasa turudi kwa lile gitaa jekundu. Fundi wetu alisema mwili wake ni ubao mzuri, shida ni shingo. Tukapata kanisa moja lililokuwa na besi iliyoanguka na kupasuka mwili, shingo ikiwa nzima. Tuliinunua kwa bei ndogo. Tuliziba matundu ya zamani ya skrubu kwa vijiti na gundi ya mbao, tukatoboa mapya, tukafunga. Kisha tukapima. Kutoka kichwani hadi chuma cha kumi na mbili lazima urefu uwe karibu sawa na kutoka chuma hicho hadi kwenye daraja, la sivyo sauti za juu zitakuwa za uongo. Kasoro ndogo iliyobaki tuliirekebisha kwa kusogeza daraja.

Mvumo wa umeme tuliupunguza kwa kupaka karatasi ya shaba ndani ya tundu la waya na kuiunganisha na waya wa ardhi. Vifundo vya sauti vilivyokwaruza tulivipulizia dawa ya kusafishia vifaa vya umeme. Nyuzi kuukuu tulizichemsha kwenye maji, tukazikausha, zikatulia kwa muda mpaka tulipopata fedha za nyuzi mpya. Kinasa sauti kipya tulikinunua mwisho kabisa, baada ya mwaka.

Ndugu msomaji unayekwenda Nakivubo kununua besi, iwe ya kutumia au ya kuvusha mpaka, soma shingo kabla ya kusoma jina. Inua gitaa, weka jicho kwenye kichwa na utazame shingo yote kama mtu anayelenga bunduki. Ikiwa imejikunja kidogo mbele, ile fimbo ya ndani inaweza kuinyoosha, maadamu parafujo yake inazunguka. Ikiwa imejipinda kama kamba, iache. Piga kila uzi kwenye kila chuma, sikiliza panapolia vibaya. Liunganishe na spika, zungusha kila kifundo. Jina lifuate mwisho, na ulikwaruze kwa ukucha mwenye duka akiona.

Nyuzi, vifundo, waya na kinasa sauti vyote vinabadilishwa taratibu, kadiri mfuko unavyoruhusu. Hiyo ndiyo njia aliyotuachia yule fundi redio wa Fullerton.

Besi yetu bado inapigwa shuleni. Kijana aliyelikwaruza jina lile ndiye aliyekuwa mpigaji wake wa kwanza, na sasa ni mtu mzima anayetengeneza vyombo vya watu. Juu ya kichwa cha lile gitaa hatukubandika jina lolote.