Bibi du Coudray na Mama wa Kitambaa

Tumezoea kusoma habari za wafalme na majemadari. Mimi leo nawaletea habari za mkunga wa Ufaransa, Bibi Angélique du Coudray, aliyezaliwa yapata mwaka 1712 na kupata ruhusa ya kufanya kazi ya ukunga mjini Paris mwaka 1740.

Zamani zile, huko vijijini Ufaransa, kina mama na watoto wengi walikufa wakati wa kuzaa, maana waliowasaidia hawakufundishwa na mtu. Bibi huyu alipokwenda kufundisha katika jimbo la Auvergne alikuta wanafunzi wake wengi hawajui kusoma, na maneno matupu hayaingii mikononi. Ndipo akatengeneza kwa kitambaa na ngozi mwili wa mama, toka kiunoni mpaka mapajani, wenye mifupa ya nyonga ndani. Akashona na mtoto pamoja na kitovu na kondo lake. Hata mapacha walikuwapo. Kwa kuvuta kamba, njia ya uzazi ilipanuka au ikabana. Mwanafunzi alijifunza kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya, akikosea alirudia, akikosea tena alirudia tena, wala hapakuwa na mtu wa kuzikwa. Kwa maoni yangu kazi hii yapita hata kitabu alichotoa mwaka 1759, ingawa kilipigwa chapa mara nyingi.

Mwaka huo huo Mfalme Louis wa 15 alimpa hati ya kufundisha nchi nzima. Alikuwa amekaribia miaka 50, umri ambao wengi huanza kutafuta kiti cha kupumzikia. Yeye alishika njia na mama wake wa kitambaa, mji hata mji, kwa muda wa miaka zaidi ya 20. Kila mahali alikaa kama miezi miwili, na wanawake aliowafundisha walikuwa maelfu. Wako madaktari waliomdharau; lakini wengine walikuja kujifunza kwake, wapate kufundisha akisha kuondoka.

Alifariki Bordeaux mwaka 1794. Siku hizi wauguzi na wakunga hujizoeza kwa miili ya plastiki. Wake mmoja wa kitambaa bado umehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho mjini Rouen, nao ulipopigwa picha ya eksirei, ndani yake ilionekana mifupa ya kweli ya nyonga ya mwanamke.