Shaaban Robert: Karani Aliyetuachia Kielezo cha Insha

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, kusini mwa mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926, kisha akaajiriwa na serikali ya kikoloni kuwa karani wa forodha. Baadaye alihamia idara ya wanyamapori, ofisi ya wilaya ya Tanga na hatimaye ofisi ya upimaji ardhi. Hakupata elimu ya chuo kikuu. Hata hivyo, mwaka 1954 kitabu chake, Kielezo cha Insha, kilichapishwa Johannesburg, naye akawa mwalimu wa insha kwa watu asiowahi kuwaona.

Kwa maoni yetu, somo lake kubwa kuhusu hoja limo katika Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951. Karama anashtakiwa mbele ya mfalme kwa kuanzisha mafunzo ya sheria. Hajitetei kwa kulalama. Anadai kwamba nchi inawaadhibu wanaoitakia mema, kisha anathibitisha kwa visa vya wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi na maarifa, wakafungwa. Kila kisa ni ushahidi, na kila ushahidi unarejeshwa kwenye dai.

Huo ndio muundo wa insha ya uchambuzi. Mwanafunzi wa Ndanai, katika kaunti ya Bomet, aliyejifunza Kiswahili baada ya Kikipsigis, anaweza kusimulia visa vyote sita bila kosa la sarufi na bado akapata alama chache, kwa kuwa hakudai lolote. Mwenzake wa pwani ataandika kwamba Kusadikika ni Tanganyika ya wakoloni, aishie hapo: amedai, hajathibitisha. Wote wawili lugha wanayo. Wanachokosa ni kiungo kati ya dai na matini.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962, miezi michache baada ya Tanganyika kujitawala. Kufikirika ilichapishwa mwaka 1967, yeye akiwa kaburini. Tumezoea kumsifu. Lakini je, ushindi wa Karama hautegemei mno hisani ya mfalme yuleyule aliyewafunga wajumbe? Anayejibu swali hilo kwa ushahidi, hata akimpinga mwandishi, ndiye aliyemsoma kama alivyostahili kusomwa.